KAPOOZA UPANDE, HOMONI NAZO ZACHARUKA!

Kama nyumbani kuna mgonjwa, basi pole sana, na leo kaa mkao wa kula maana safu hii ni ya kwako.

Siku hizi bwana, neno "homoni" limekuwa kama chumvi, kila chungu limo. Dada akinenepa, homoni. Kaka akikosa usingizi, homoni. Mtu akimnunia mwenzie toka Jumatatu mpaka Jumapili, eti homoni. Na si unajua mjini shule? Ukishapatikana ugonjwa wa kila mtu, lazima atokee mjanja wa kuuza dawa yake. Nenda stendi, nenda sokoni, panda daladala, fungua hata simu yako ya mkononi, utatangaziwa kopo la unga wa "kusawazisha homoni".

Sasa wajanja hao wamebisha hodi mpaka kwenye nyumba zenye wagonjwa wa kiharusi. Wanasema mgonjwa akishapooza homoni zake zinavurugika, kwa hiyo leta hela, tuzipange upya, atainuka. Kinachowanasa watu ni kwamba nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu. Homoni zinavurugika, tena ile mbaya. Uongo umejificha kwenye ile nusu ya pili.

Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne. Ila kusoma na kuuliza hakuhitaji cheti, na haya mambo yameandikwa na waliosomea. Twende taratibu.

HAYA SI YA WAZEE WA KIJIJINI TU

Kabla hujafungua ukurasa wa michezo ukidhani haya ni mambo ya babu, sikiliza hii. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu mbili za Tanzania: wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na hapa Dar es Salaam. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar je? 315.9. Karibu mara tatu! Kwa hiyo, mtoto wa mjini, hili ni lako na la wazazi wako.

KENGELE YA HATARI

Ubongo unalishwa na damu saa zote, usiku na mchana. Kiharusi kinatokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba, au unapopasuka na damu kumwagika. Sehemu inayokosa damu inaanza kufa, tena haraka. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2006 ilionyesha kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo unapoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Yaani nusu saa ya kubishana na majirani kama mzee katupiwa jini au kapigwa na upepo mbaya inaweza kugharimu seli milioni 57. Hesabu hizo hazirudi.

Lakini mwili nao si mjinga. Chini ya ubongo kuna kisehemu kidogo kinaitwa haipothalamasi. Hapo chini yake inaning'inia tezi ya pituitari, ukubwa wake kama punje ya njegere. Taabu ikiingia, haipothalamasi inaiamuru pituitari, pituitari inatuma tarishi kwa njia ya damu mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, na tezi hizo zinamwaga homoni iitwayo kortizoli. Wakati huohuo mishipa ya fahamu inazichochea tezi hizohizo zimwage adrenalini, ile inayokufanya moyo udunde ukikurupushwa na mbwa usiku.

Fikiria sungusungu wa mtaani kwenu. Akiona mwizi anapuliza filimbi. Wa karibu wanaamka, wa mbali wanaamka, mbwa wanabweka, watoto wanalia, mtaa mzima hakuna anayelala. Ndivyo mwili unavyokuwa baada ya kiharusi. Filimbi imepulizwa.

Kwa mtu mwenye afya anayelala usiku, kortizoli ina ratiba yake kama daladala: asubuhi imejaa, usiku wa manane imepungua kabisa. Baada ya kiharusi ratiba inavurugika. Inapanda juu, na usiku haishuki kama inavyotakiwa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba inaweza kukaa juu kwa siku saba au zaidi.

Na haiko peke yake. Homoni inayozuia mwili usipoteze maji, vasopresini, nayo inapanda. Ikizidi, maji yanabaki mwilini, chumvi ya damu inashuka, na mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Uswisi walipima kopeptini, kipande kinachotoka pamoja na homoni hiyo, kwa wagonjwa 362 wa kiharusi. Wenye kiwango cha juu ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi miezi mitatu baadaye.

Nyingine zinashuka. Homoni ya tezi ya shingo, ile inayoitwa T3, mara nyingi inapungua mtu akiumwa sana. Na kwa wanaume, subirini, yenu inakuja huko mbele.

SUKARI IMETOKA WAPI?

Hapa ndipo familia nyingi zinapogombana na manesi. Tuseme baba mkwe wako kaparalaizi upande wa kulia. Mmemkimbiza hospitali, wanampima, wanasema sukari iko juu. Mama mkwe anakuja juu: "Mume wangu hajawahi kuwa na sukari maisha yake yote! Hawa watu wanataka kutuuzia dawa!"

Punguza munkari, mama. Kortizoli na adrenalini kazi yake mojawapo ni kuliambia ini litoe sukari kwenye damu, mwili upate nguvu ya kupambana. Zaidi ya hapo zinaipunguza makali insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Matokeo yake mtu asiye na kisukari anaweza kukutwa na sukari ya juu siku hiyo. Inawezekana pia kwamba kisukari kilikuwapo siku nyingi na hakuna aliyejua. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na hicho ndicho kinachowatenganisha. Badala ya kugomba, uliza kwa heshima: "Daktari, hiki kipimo cha miezi mitatu kimefanyika?" Utaona atakavyokuheshimu.

KUMPOKONYA SUNGUSUNGU FILIMBI

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu wa kawaida atasema: kama wenye kortizoli kubwa na sukari kubwa ndio wanaofanya vibaya, si tuzishushe tu, mambo yaishe?

Swali zuri, na wakubwa wa dunia wamelijaribu. Kule Marekani walichukua wagonjwa 1,151 wa kiharusi cha kuziba mshipa waliokuwa na sukari ya juu. Wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja walidhibitiwa sukari kwa kawaida, fungu la pili wakaishusha kwa nguvu kwa insulini ya dripu. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya siku 90, waliopona vizuri katika fungu la kushushwa kwa nguvu walikuwa asilimia 20.5, na katika fungu la kawaida asilimia 21.6. Ngoma droo! Tena wale wa kushushwa kwa nguvu, asilimia 2.6 walipatwa na sukari kushuka kupita kiasi, jambo la hatari, wakati fungu la kawaida hakupatwa hata mmoja.

Usinielewe vibaya. Sukari inatakiwa kudhibitiwa, na madaktari wanaidhibiti. Ila kuikaba koo haikuwanyanyua wagonjwa.

Na ule uchambuzi wa 2014 kuhusu kortizoli ulisema jambo lilelile kwa njia nyingine. Ni kweli wenye kortizoli ya juu walifanya vibaya zaidi. Lakini kiharusi kikubwa chenyewe ndicho kinachoipandisha kortizoli, na ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba kortizoli ina kosa lake peke yake, mbali na ukubwa wa kiharusi.

Umeona mchezo? Filimbi ikilia sana, pengine mwizi ni mkubwa. Ukimpokonya sungusungu filimbi mtaa utanyamaza, ila mwizi bado yumo ndani anafungasha. Kwa hiyo mtu akikuuzia kopo la unga kwa ahadi kwamba litaweka homoni sawa na mzee atatembea, kakuingiza mjini. Wataalamu wenye maabara, dripu na wagonjwa zaidi ya elfu moja wamejaribu kusukuma namba moja tu, hawakupata kitu. Yeye na kopo lake kapata wapi?

Mbaya zaidi, baadhi ya unga huo hujui kilichomo. Mgonjwa yuko kwenye dawa za presha na pengine za kuzuia damu kuganda. Wewe unamchanganyia. Hapo tena mtu atalaumiwa jini.

MOYO NA MTEGO WA PWEZA

Hii inawashangaza wengi. Ugonjwa uko kichwani, mbona wanampima moyo kila saa?

Jibu ni ileile adrenalini na ndugu yake noradrenalini. Zikimwagika kwa wingi zinapandisha presha, zinavuruga mapigo ya moyo, na wakati mwingine zinaulegeza msuli wa moyo wenyewe. Kuna hali moja madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990, moyo unavimba kwa chini na kubaki na shingo nyembamba juu. Wakaipa jina la chungu ambacho wavuvi wao wanategea pweza, maana sura ni ileile. Inaweza kumpata mtu baada ya mshtuko mkubwa wa huzuni, na inaweza kumpata baada ya kiharusi. Kwa hiyo wakimfunga mzee nyaya za kupima moyo, msiseme wanapoteza muda.

Homoni hizohizo za dharura pia zinalegeza ulinzi wa mwili dhidi ya wadudu wa magonjwa. Ongeza na kwamba wagonjwa wengi wa kiharusi wanashindwa kumeza vizuri. Ndugu mwenye huruma anakuja na chupa ya uji, anamnywesha mgonjwa aliyelala chali, uji unakwenda njia ya pumzi badala ya njia ya chakula. Baada ya siku chache ni homa ya mapafu, na hiyo inaua. Mapenzi ya uji yangoje kwanza. Asipewe kitu mdomoni, hata maji, mpaka apimwe kama anameza.

YA CHUMBANI SASA

Najua wengine mmeruka kote mkaja hapa. Haya.

Mwaka 1996 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kupima damu ya wanaume 144 waliopata kiharusi. Testosteroni yao, homoni ya kiume, ilikuwa chini kuliko ya wanaume wasio na kiharusi. Na kadiri kiharusi kilivyokuwa kikubwa, ndivyo ilivyokuwa chini zaidi.

Basi dada yangu, kama mumeo kapata kiharusi na miezi inapita hana habari na wewe, usianze kutafuta nyumba ndogo iko mtaa gani. Na shemeji zangu mnaoambiwa "umekwisha wewe", msikimbilie vidonge vya nguvu vya dukani. Homoni ni sababu moja tu. Kuna woga kwamba kitarudi tena, kuna baadhi ya dawa za presha, kuna mkono usiofanya kazi, kuna aibu. Na kuna sonona, ambayo inampata karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa na kutibiwa, na sonona ina matibabu.

Vidonge vya nguvu vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kuangusha presha ghafla mpaka mtu akapoteza maisha. Muulize daktari waziwazi, mke na mume mkiwa pamoja. Wengi wao wakishatulia wanaweza kurudi kwenye mambo yao. Daktari ameshasikia makubwa kuliko hayo, hatakucheka.

Jambo lingine: mgonjwa anaweza kulia au kucheka ovyo bila sababu. Watu wanasema karogwa, wengine wanasema anadeka. Hapo hata homoni msizisingizie. Ni njia za ubongo zinazozuia kilio na kicheko ndizo zilizoumia. Msimgombeze, msimcheke.

DADA ZANGU NA VIDONGE VYA MAJIRA

Zamani kulikuwa na wazo kwamba estrojeni, homoni ya kike, ingewakinga wanawake na kiharusi. Lilikuwa na mantiki, maana wanawake wengi hupata kiharusi baada ya kukoma hedhi, homoni hiyo ikiwa imeshuka. Wakalipima. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya wanawake 664 waliokoma hedhi ambao tayari walikuwa wamepata kiharusi au dalili zake za muda mfupi. Nusu walipewa estrojeni, nusu kidonge kisicho na dawa. Estrojeni haikuzuia kifo wala kiharusi cha pili, na vifo vilivyotokana na kiharusi vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa. Mara nyingine tena, kuijazia homoni iliyopungua hakukuleta kinga.

Kwa ninyi vijana, somo liko hivi. Mwanamke aliyewahi kupata kiharusi hatakiwi kutumia vile vidonge vya majira vyenye estrojeni. Shirika la Afya Duniani limeviweka kwake kwenye kundi la visivyotumika kabisa. Hali kadhalika mwenye kipandauso kinachoanza na kuona vimetameta au mistari ya mwanga. Njia nyingine zipo, mfano kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Usiviache leo kwa sababu ya gazeti, utapata mimba uje kunilaumu. Nenda kliniki, waeleze historia yako yote, presha yako na sigara zako, wakuchagulie.

UFANYE NINI SASA?

Kata hiki kipande ubandike ukutani.

Kwanza, zijue dalili. Mdomo umekwenda upande. Mkono au mguu mmoja hauna nguvu. Maneno hayatoki au yanatoka ovyo. Imetokea ghafla. Hata ikipotea baada ya dakika kumi, hiyo ilikuwa salamu, mpeleke.

Pili, angalia saa na ukumbuke mara ya mwisho alipoonekana mzima. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu, na lazima kwanza apigwe picha ya kichwa kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Ndiyo maana usimpe aspirini nyumbani. Kama mshipa umepasuka, unamwagia petroli kwenye moto. Wala usimpe kidonge cha presha cha jirani ili kuishusha haraka.

Tatu, akiwa hospitali, uliza maswali ya maana: sukari, chumvi ya damu, moyo, na kumeza. Hivyo vina hatua za kuchukuliwa. Kipimo cha kortizoli au testosteroni kisikuumize kichwa siku za mwanzo, maana siku hizo karibu kila kitu kimevurugika. Kama baada ya miezi mgonjwa bado amechoka kupita kiasi, presha inashuka ovyo au hali ya unyumba haieleweki, hapo daktari anaweza kuamua kupima homoni kwa utulivu.

Nne, ile hela ya kopo la unga mpeleke nayo mgonjwa kwenye mazoezi ya viungo, na umnunulie dawa zake za presha asikose hata siku moja. Halafu wewe mwenyewe unayesoma, ni lini ulipima presha? Hata mara moja hujapima? Kipimo chenyewe ni dakika mbili, na presha ndiyo baba wa viharusi vingi mjini hapa.

Homoni zimecharuka, sawa. Zilitumwa kupiga kelele, zikapiga. Kazi yetu ni kumkimbiza mzee hospitali kabla kelele haijawa kilio.

Basi msomaji wangu, karatasi imeniishia. Tukutane wiki ijayo, ukurasa huuhuu, Mola akitujaalia uzima. Kama una mgonjwa, msalimie sana, mwambie vijana wa mjini tunamwombea.